Miaka miwili ya kujitolea Masasi: mimi na mke wangu kutoka Mombasa (kazi ya kanisa, na matembezi ya Kusini)

Mzee wa Kengeleni

Hamjambo ndugu zangu. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu Jumapili iliyopita kijana mmoja wa kanisani kwetu Kisauni aliniuliza, "Mzee, ile miaka miwili kule Tanzania mlikuwa mnafanya nini hasa?" Nikamjibu juu juu, akaitikia kwa adabu akaenda zake. Usiku nilikosa usingizi. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Mimi ni fundi bomba mstaafu. Mke wangu ni mkunga, alistaafu mwaka mmoja kabla yangu. Watoto wana nyumba zao. Juni 2022 tulifunga mlango wetu, tukaenda kujitolea kwenye zahanati ya kanisa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Tulirudi Mei 2024.

Mtauliza, mtu wa Mombasa ana nini na Masasi? Sisi ni watu wa Frere Town. Wasioijua: ni makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (chama cha Waanglikana wa Uingereza) mwaka 1875, upande wa bara wa Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali jina la Kengeleni. Wengi waliopokelewa pale walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akituambia, "Sisi Wayao," basi, habari inaishia hapo. Kijiji hakijulikani, ukoo haujulikani.

Sasa, mwaka 1876, mwaka mmoja tu baada ya Frere Town, Askofu Edward Steere wa UMCA (chama kingine cha Waanglikana wa Uingereza) alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa vilevile, wakapitia Lindi wakipanda bara, wakaweka makazi Masasi. Wao walisogezwa karibu na kwao. Wa kwetu walibaki pwani ya Mombasa. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa na miaka hamsini na kitu, ilinikaa moyoni kama mwiba. Mke wangu ndiye aliyesema, "Ukistaafu twende. Lakini tusiende kutazama tu. Twende na mikono."

Nitaendelea baadaye, umeme unasumbua.

Mwana wa Mkuti

Shikamoo mzee. Mimi mtoto wa Masasi mjini, nipo Dar kikazi. Huu uzi nauweka alama. Endelea tafadhali.

Mdadisi

Mzee heshima kwako, ila niseme wazi. Hawa wa kujitolea nimewaona wengi. Wanakuja wiki tatu, picha na watoto, wanaondoka. Nyinyi mlikuwa tofauti kivipi?

Mzee wa Kengeleni

Marahaba mwanangu wa Mkuti. Mdadisi, swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Kwanza karatasi, kwa anayetaka kwenda. Kuwa jirani wa Afrika Mashariki hakukupi ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Wanaojitolea, wamisionari, watafiti na wanafunzi wanaomba kibali cha ukaazi daraja C, na kanisa linalokupokea ndilo linalokuombea. Mkunga au muuguzi wa nje lazima pia asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Tanzania kabla ya kumgusa mgonjwa. Mke wangu ana miaka thelathini na zaidi kwenye wodi ya wazazi, lakini miezi ya mwanzo alikuwa akipima uzito wa watoto, akifua mashuka na kushona vitambaa vya kufungia vichanga. Hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, mpaka akaniambia ninyamaze.

Kosa langu ni hili. Tulifika wakati wa kiangazi. Maji ya zahanati yalikuwa yanaletwa kwa baiskeli, madumu matatu matatu ya lita ishirini. Mjamzito akija kujifungua, ndugu zake wanakuja na maji yao. Nikatazama paa la zahanati: bati refu, zima, halina gata hata moja. Nikasema moyoni, kazi yangu ni hii. Kwetu Mombasa mvua za vuli huanza Oktoba, basi nikapanga mpaka mwisho wa Septemba kila kitu kiwe tayari. Nilikusanya fedha kwa waumini wenzangu wa Kisauni, nikanunua gata, simtanki na vifaa. Nikatangaza siku za kazi.

Hakuja mtu. Siku ya pili wakaja wawili. Nilinuna, ndugu zangu. Nikaanza kusema yale maneno ambayo wageni huyasema: watu hawa hawajali.

Sikuuliza kalenda ya wenyeji. Masasi mvua ni msimu mmoja, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Na kuanzia Septemba, Oktoba, Novemba, kila mwenye mkorosho yuko shambani anaokota. Korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo daftari la deni dukani. Nilikuwa nawaita watu waache mshahara wa mwaka mzima waje kunishikia ngazi, kwa mvua ambayo kila mtoto wa pale alijua haijakaribia.

Dada wa Nyangao

Hapo kwenye korosho umenena mzee. Msimu ukianza hata harusi zinasubiri. Na ukimwita mtu mkutanoni wakati huo ujue utaongea na viti.

Mzee wa Kengeleni

Kabisa dada yangu. Na kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo.

Tanki nililiweka upande wa mashariki, kwenye kona iliyo karibu na nyumba ya mganga mfawidhi, kwa kuwa ndipo paa linapoinamia na bomba lingekuwa fupi. Kifundi nilikuwa sahihi. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja Mwislamu wa makamo, akaja akalizunguka tanki lote kimya, kanga kiunoni. Kisha akaniuliza kwa upole sana, "Babu, tanki hili umempa mganga au umetupa sisi?"

Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya zahanati. Chini ya mwembe kuna mafiga. Hapo ndipo ndugu wa wajawazito wanapika, wanafua, wanalala wakisubiri. Hapo ndipo maji yanapotakiwa, saa nane za usiku, na mama mkwe mzee hawezi kuzunguka jengo zima gizani na ndoo hadi dirishani kwa mganga. Miezi minne nilikuwa nimepita pale kila siku na sikuwahi kukaa chini ya ule mwembe.

Tukalihamisha. Tulijenga msingi mpya wa mawe na saruji, na safari hii walikuja watu, tena wengi, maana korosho ilikuwa imekwisha kupelekwa ghalani na mahali palikuwa pamechaguliwa na wao. Vijana wawili niliwafundisha kupima mteremko kwa mpira mwangavu wenye maji. Kila mmoja anashika ncha yake, mmoja huku mwingine kule, maji yakitulia sehemu zote mbili ndipo penye usawa. Kutoka hapo unashusha sentimita moja na nusu kila mita tatu. Ukizidisha, gata linaonekana limepinda na maji yanaruka mwisho. Ukipunguza, yanatuama na mbu wanazaa. Mmoja wa vijana hao leo anafunga gata za watu kwa malipo.

Jambo jingine nililojifunza kwao, halimo katika ufundi wangu wa Mombasa. Kuanzia Juni wakulima wanapulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Unga ule unapeperuka, unatua kwenye mabati. Juu yake vumbi la miezi sita na kinyesi cha ndege. Mvua ya kwanza ilitoka kwenye bomba na rangi ya chai. Kwa hiyo tuliweka kipande cha bomba cha kutolea maji pembeni, na mvua za mwanzo zote zinamwagwa. Mwenyekiti ndiye anayeamua siku ya kufungulia tanki, na hakuna anayebishana naye.

Mdadisi, sijui kama tulikuwa tofauti na hao wa wiki tatu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wiki tatu za kwanza tulikuwa kama wao.

Mdadisi

Nimekuelewa mzee wangu. Nimefuta kauli. Endelea.

Mwana wa Mkuti

Mzee, vipi kuhusu ule Uyao wenu? Ulipata kitu?

Mzee wa Kengeleni

Nilikuwa nakusudia kuliacha, lakini kwa kuwa umeuliza.

Siku tuliyofungulia tanki kwa mara ya kwanza, ilikuwa Januari, akaja bibi kizee aliyekuwa anamsindikiza mjukuu wake kujifungua. Alishika kikombe cha bati. Akafungua koki, akajaza, akamgeukia kitoto kilichokuwa kimeshika kanga yake, akakipa akisema, "Mesi."

Ndugu zangu, bibi yangu Kisauni alipokuwa akitupa maji ya kunywa tulipokuwa wadogo alisema neno hilohilo. "Njoo unywe mesi." Sisi sote, baba yangu hadi wanangu, tuliamini ni neno la kitoto, kama vile watu wanavyosema "mamu" kwa chakula. Tulilitumia na watoto wetu wachanga, wakikua tunaliacha.

Nikamwuliza yule bibi, "Mama, mesi ni nini?" Akanishangaa. "Maji. Kiyao."

Nilikaa juu ya msingi wa tanki. Mke wangu alitoka wodini mbio akidhani presha imepanda. Sikuweza kumweleza mara moja. Neno moja tu lilikuwa limevuka, kutoka huku hadi pwani, baharini hadi Mombasa, likakaa midomoni mwa watoto kwa karibu miaka mia moja na hamsini, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba amelibeba.

Sikupata ukoo. Wazee wa Kiyao pale waliniuliza maswali mengi kuhusu upande wa mama, maana kwao ukoo unafuata mama na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi Uyao wangu naujua kwa bibi mzaa baba, na mama yake bibi hatumjui jina. Wakanyamaza kwa huzuni. Baada ya hapo waliacha kuniita "mgeni."

Dada wa Nyangao

Nimesoma hapa machozi yananitoka. Mungu awabariki.

Kilwa Kwetu

Mzee, kichwa cha uzi kimesema matembezi. Kilwa mlifika?

Mzee wa Kengeleni

Tulifika, na mahali pa kwanza palikuwa Kivinje.

Wageni wengi wanakwenda moja kwa moja Kilwa Masoko, wanavuka Kisiwani, wanarudi. Kisiwani tulikwenda pia, nawasihi mwende. Msikiti Mkuu na kuba zake za mawe ya matumbawe, na Husuni Kubwa ukingoni mwa bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981; mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Lipieni kibali Masoko kabla ya kupanda mashua.

Lakini sisi tulitaka Kivinje, maana ndiko misafara ya kutoka upande wa Nyasa ilikuwa ikifikia katika karne ya kumi na tisa, na watu kuuzwa na kupakiwa. Nilikuwa nimekua nikiitazama bahari ambayo bibi wa bibi yangu alitolewa. Nilitaka kuitazama ile aliyoingizwa.

Tulifika maji yametoka. Ufuko wa Kivinje maji yakitoka ni tope jeusi na mikoko, bahari iko mbali. Mashua zimelala ubavu. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa kwenye nyavu, na harufu yake ilijaa barabara yote yenye majengo ya kale yanayobomoka. Mke wangu akavua viatu, akaingia topeni, akaenda, akaenda, hadi maji yakamfika magotini. Akasimama huko peke yake. Sikumfuata. Aliporudi aliosha miguu kwenye ndoo ya mama mmoja muuza dagaa, akanunua sado moja, tukapanda basi. Njiani hakusema neno mpaka Nangurukuru.

Kilwa Kwetu

Na Mwembe Kinyonga mliuona? Hapo ndipo Wajerumani waliponyongea mashujaa wa Majimaji.

Mzee wa Kengeleni

Tulioneshwa. Tukasali pale kwa kifupi. Mpaka leo najiuliza tungeomba nini. Walioua walikuwa wanakuja na msalaba nchi ileile, na vita hivyo hivyo vya 1905 vilimwua Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, akiwa safarini na wenzake. Ukijitolea kwa jina la Kristo Kusini, lazima uijue historia hiyo yote, si ile ya shule na hospitali pekee.

Hizo nazo zipo, sizikani. Ndanda, hapo barabarani kati ya Nyangao na Masasi, misheni ya hao Wabenediktini, leo abasia, imekuwapo tangu 1906. Hospitali yao ndiyo iliyompokea mke wangu alipougua malaria kali mwaka wa kwanza, baada ya dawa ya mseto ya zahanati kushindwa kumtuliza. Wiki nzima nilikaa pale nikinunua ming'oko ya kuchemsha kwa akina mama wa barabarani. Asiyeijua: ni mizizi ya porini, myembamba, unamenya kwa vidole, unachovya chumvi na pilipili. Mpaka sasa nikikumbuka hofu ya wiki ile, nakumbuka na ladha ya ming'oko.

Mdadisi

Sehemu nyingine?

Mzee wa Kengeleni

Kwa kifupi. Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini: ghuba tulivu, nyumba za mawe, Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Newala, pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, nchi inaporomoka ghafla unaona bonde la Ruvuma mpaka upande wa Msumbiji. Nendeni asubuhi kabla ya ukungu wa joto. Msimbati kwa mchanga wake. Lupaso, kaburi la Mzee Mkapa, tulikwenda na vijana wa kwaya. Tendaguru hatukufika, ile mifupa mikubwa ya dinosaria iliyochimbwa huko Lindi kati ya 1909 na 1913 iko Berlin, na sikuona sababu ya kumchosha mke wangu kwa barabara ile.

Majabali ya Masasi yenyewe hayahitaji safari. Unafungua mlango, yapo.

Dada wa Nyangao

Na kanisani mzee? Nyinyi wa Kenya na Anglikana wa Masasi si mmoja?

Mzee wa Kengeleni

Kanisa moja, lakini Jumapili ya kwanza mke wangu alinikanyaga mguu mara mbili. Sisi tumelelewa na CMS: mchungaji, ibada, kuhubiri kwa nguvu. Masasi wamelelewa na UMCA: padri, Misa, ubani mpaka macho yanawasha, kengele altareni, kupiga goti. Niliwaza, hawa ni Wakatoliki. Miezi ikapita. Kuna mzee mmoja, mtumishi wa altare, alikuwa akishika chetezo kwa mkono ulioungua zamani na mafuta ya ganda la korosho, vidole vyeusi vimekakamaa. Alikuwa akikizungusha taratibu sana, kana kwamba ndani yake amelala mtoto. Nilipomtazama kwa muda mrefu niliacha kuona ubani, nikaona sala ya mtu. Sasa hapa Kisauni, Jumapili nyingine, naukosa.

Na Ramadhani zote mbili tulifuturu kwa yule mwenyekiti wa kamati ya maji. Pasaka naye alituletea mchele na kuku hai. Sikumbuki kama tuliwahi kujadili dini.

Tuliondoka kwa kuchelewa. Tiketi zetu zilikuwa za mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika upande wa Somanga. Tulikuwa tumekwisha kuagwa, mizigo imefungwa, sherehe imekwisha. Siku zile za kungoja, hatuna kazi, hatuna cheo, majirani walikuja tu kukaa. Wengine hawakusema kitu. Wanaleta kigoda, wanakaa, jioni wanaaga. Kwa mke wangu na kwangu zile ndizo siku bora za miaka miwili yote.

Mwana wa Mkuti

Mzee, nimesoma huu uzi tangu jana, na leo nimempigia simu binamu yangu anayeishi karibu na kijiji kama hicho unachokieleza. Ameniambia tanki lipo, chini ya mwembe, na kamati bado ni ya yule mama. Maji yamejaa. Ila koki imeanza kuvuja, wamefunga kwa mpira wa baiskeli. Wanataka kununua nyingine Masasi mjini. Wanunue ya kipimo gani?

Mzee wa Kengeleni

Mwanangu, nimemsomea mke wangu ujumbe wako mara mbili.

Nusu inchi. Wasichukue ya plastiki, wachukue ya shaba ya mkono mrefu, ili bibi mwenye vidole vigumu aweze kuifungua kwa kiganja. Kabla ya kufungua ya zamani washushe maji mpaka chini ya tundu, wayaweke kwenye ndoo safi, yasimwagike bure. Wazungushe tepu nyeupe ya mabomba mizunguko kumi hivi, kufuata uelekeo wa kukazia. Wakaze kwa mkono kwanza, kisha spana nusu mzunguko tu. Wakizidisha wataupasua mdomo wa tanki, na huo hauzibiki. Yule kijana wa gata anajua. Nitumie namba yake kwa ujumbe wa faragha, fedha ya koki natuma leo kabla ya saa kumi.